Taka Ina Mwenyewe: Siku Sita, Goma hadi Bukavu na Kurudi

Jumatatu, 4 Aprili 2022. Ziwani

Nimeondoka Goma na ugomvi kifuani. Jana jioni mfugaji mmoja wa kuku alikuja hadi kwenye lupangu letu, yaani kiwanja chetu, akasimama mlangoni, hata kiti alikataa. "Mama, mmenikata mikono," alisema. Ni mambo ya vumbi la mbao. Miaka yote maseremala walikuwa wanampa bure, yeye analipakia kwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, na kwenda kulitandika chini ya kuku wake. Sisi tulipoanza kutengeneza makala ya vumbi, yaani mkaa, miezi michache baada ya volkeno ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021, tukawa tunawapa maseremala faranga kidogo kwa kila fuko ili watutunzie. Sasa mtaani kwetu hakuna seremala anayetoa bure. Nilimjibu kwamba biashara ni biashara. Akaniangalia, akasema "aksanti, mama," akaenda zake. Hiyo aksanti ndiyo iliyoninyima usingizi.

Kikundi chetu ni wanawake 11. Wamenituma mimi Bukavu kwa sababu ndiye ninayeshika daftari la hesabu, na kwa sababu nina shangazi mtaa wa Nguba wa kunilaza bure. Mwezi uliopita tulifundishwa siku mbili, mwalimu akatuandikia ubaoni maneno marefu: uchumi wa kibayolojia wa mzunguko. Alivyoeleza, kinachotoka shambani, msituni, ziwani na jikoni kisiishie jalalani bali kirudi kuwa chakula, malisho, moto, na mwishowe udongo. Nyanya yangu alifanya hivyo maisha yake yote bila ubao. Kipya kilikuwa sehemu ya pili ya somo, namna ya kusimamia ubunifu wenyewe: nani anajaribu, nani analipa jaribio likiharibika, nani anabaki na faida. Hapo mwalimu aliharakisha, saa zilikuwa zimeisha.

Boti ya mbio imejaa. Mzee aliye pembeni yangu ananionyesha maji na kuniambia humo chini kuna gesi, kana kwamba mimi si mtu wa Goma. Lakini nimekaa nikaiwaza. Chini kabisa ya Ziwa Kivu kuna gesi ya methani inayokadiriwa kilomita za ujazo 60, sehemu yake imetengenezwa na vijidudu vinavyomeng'enya mabaki pasipo hewa, kazi ileile inayofanyika ndani ya mtungi wa biogesi, gesi ya kupikia itokanayo na samadi. Ng'ambo Rwanda, Gisenyi, walianza kuivuta mwaka 1963 kwa ajili ya kiwanda cha bia. Kibuye siku hizi inatoa umeme wa megawati 26. Sisi wa upande huu bado tunapika kwa makala ya miti ya Virunga.

Shangazi amenipokea kwa bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Sijaandika zaidi, macho yanafunga.

Jumanne, 5 Aprili. Bagira

Vijana wa hapa Bagira, mtaa wa Bukavu, wanafuga nzi.

Nilijiandaa kusikia harufu ya kufa mtu. Kumbe ni harufu ya pombe ya ndizi iliyochachuka, basi. Nzi askari mweusi si yule wa chooni. Akishakuwa mkubwa hana habari na chakula chako: anakunywa maji, anapandana, anataga mayai mia kadhaa, anakufa. Anayekula ni funza wake. Waliniwekea mbele chano cha mbao kilichojaa maganda ya ndizi na viazi vitamu, na maganda yalikuwa yanatembea. Nikasogeza sikio. Yanatoa sauti kama mvua nyepesi juu ya majani makavu. Nikatia mkono, na nusura niutoe kwa mshangao: chumba chote kilikuwa baridi, ila katikati ya chano palikuwa na joto kama mkate uliotoka tanuruni. Funza wenyewe, wakisongamana wakila, wanajipasha moto.

Joto hilo ndilo lililowasumbua vijana mwaka mzima. Funza hawa wanastawi kwenye nyuzi 27 hadi 30, na Bukavu iko juu ya mita 1,500. Asubuhi ya Aprili watu wanapanda moto, yaani pikipiki, wakiwa wamevaa makoti. Maelekezo waliyopewa yaliandikwa kwa mahali pa joto. Yalisema funza wanakomaa kwa wiki mbili hivi, wao walihesabu karibu nne. Tena nzi wakubwa hawapandani bila mwanga wa kutosha, kwa hiyo wiki ya mawingu ni wiki bila mayai. Katika mvua za kwanza walipoteza kizazi kizima na ilibidi waombe mbegu upya.

Kilichonivutia kuliko funza ni daftari lao. Wanaliita daftari la aibu. Kila chano kina mstari wake: tarehe, kilichowekwa, uzito wa kuingia, uzito wa kutoka, kilichokufa na sababu wanayodhani. "Sababu tunayodhani" imeandikwa hivyohivyo, kwa unyenyekevu. Humo ndani nimeona kwamba chano kilicholowa sana kilikufa mara nne kabla mtu hajakubali kwamba ni maji. Nimeona pia kwamba kupanga vyano kimoja juu ya kingine, karibu karibu, kulifupisha siku. Na wana sheria moja: hakuna kupanua mpaka mizunguko mitatu mfululizo itoe uzito unaokaribiana.

Sheria hiyo imewagharimu. Shirika fulani lilikuja na ahadi ya fedha, mradi wameze tani moja ya taka kwa siku ndani ya miezi sita. Wakakataa. Mmoja wao, mrefu, mwenye kofia ya sufi, bado ana uchungu. "Dada, tungekuwa na lori leo," aliniambia wenzake walipokwenda kuchota maji. Labda. Lakini nimeona malori mengi ya miradi yakioteana kutu huko kwetu, na moyoni niko upande wa wale wengine.

Funza wanauzwa kwa wafuga kuku, wakavu. Wakikauka, karibu sehemu mbili kwa tano ya uzito wao ni protini, na ndiyo maana wanachukua nafasi ya sambaza katika chakula cha kuku. Hilo si dogo. Sambaza aliletwa Kivu kutoka Tanganyika miaka ya 1950 ili watu wapate kitoweo, na sasa kuku wanashindana na watoto sokoni.

Mchana walinipeleka kwa jirani mwenye nguruwe. Analisha dreche, yale mabaki ya nafaka ya kiwanda cha bia. Chakula kizuri, ila kibichi ni maji matupu: ukibeba kilo kumi, saba na zaidi ni maji, na siku ya tatu yamegeuka sumu kwa harufu. Yeye anayachanganya na pumba kavu, anayashindilia ndani ya pipa la plastiki kwa miguu mpaka hewa yote itoke, anaweka chumvi kidogo, anafunga kabisa. Alinifungulia pipa la mwezi uliopita. Lina harufu ya siki tamu. Ujuzi wake wote ni pipa, miguu, na mfuniko usiopitisha hewa, na umemwondolea safari tatu za moto kila wiki. Nimeuandika kwa kalamu nyekundu.

Jumatano, 6 Aprili. Kadutu

Leo ndiyo siku niliyoijia, ingawa sikujua.

Vijana walinipeleka soko la Kadutu kuona wanakotoa maganda. Mtu akisimama pale saa kumi na moja jioni anaona milima: maganda ya ndizi, ya muhogo, majani ya kabichi, mahindi mabovu, na katikati ya yote sashe, yaani mifuko ya plastiki, sashe, sashe. Rwanda, unayoiona kwa macho ng'ambo ya mto Ruzizi, ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2008. Kwetu sashe zimejaa, funza hawazili, na chupa na mifuko inateremka na mvua hadi ziwani, kisha hadi kwenye bwawa la Ruzizi inakoziba mitambo ya umeme. Kutenganisha ndiyo kazi kubwa. Nzi wanafanya kazi rahisi kuliko wote.

Nilidhani wale vijana ndio wa kwanza kuona mali katika maganda yale. Mpaka akaja mama mmoja na kapu mgongoni, amefunga kitenge cha zamani, akanipita, akaenda moja kwa moja kwenye mizani ya vijana na kuketi nyuma yake kama mwenye duka. Ndiye anayepima.

Hadithi yake nimeisikia kwake nyumbani, juu ya ngazi za udongo ambazo miguu yangu ya Goma haikuzizoea. Kabla ya funza, mama huyu alikuwa anafagia meza za wauza ndizi kila jioni. Hakulipwa faranga. Malipo yake yalikuwa maganda. Nusu alilisha mbuzi, nusu alilisha dende wake, wale simbiliki wadogo tunaowafuga jikoni huku Kivu. Vijana walipokuja na mizani na kusema tunalipa kwa ndoo, wauza ndizi kwa wiki moja wakasahau kwamba maganda yalikuwa na mwenyewe. Mama akaja na kapu, akaambiwa, "Mama, siku hizi ni ya kuuza." Mbuzi aliuzwa kabla ya Krismasi.

"Nilifanya nini?" akaniuliza, na kujijibu. "Nilikwenda nikakaa juu ya ndoo yao."

Alikaa juu ya ndoo siku tatu. Siku ya nne yule mkubwa wao akaja na soda mbili na daftari, wakaongea. Makubaliano yalikuwa hivi: yeye anapima na kutenganisha, analipwa kwa siku, na kabla ya chano lolote kujazwa, anachukua kapu lake la kwanza, maganda mazuri, kwa ajili ya dende. Kisha mbolea inayobaki chini ya funza, magunia mawili kwa mwezi, inarudi kwake kwa ajili ya lengalenga, yaani mchicha. Alikubali. Yule kijana mwenye kofia ya sufi hamwamkii hata leo.

Aliniingiza jikoni. Chini ya kibao cha sufuria, gizani, macho kumi na kitu yakang'aa. Wanapiga mluzi wakisikia majani. Mimba yao ni miezi miwili na siku kidogo, wanazaa wawili, watatu. Ananiambia kilo chache za samadi yao zinatosha bustani yake ndogo, na kwamba mwaka ambao watu wenye bunduki walipita kijijini kwao Walungu walichukua ng'ombe wa babake, walichukua mbuzi, walichukua hata mlango. "Dende walibaki. Nani atatembea usiku na dende kumi wanaopiga kelele?"

Nikamweleza kikundi chetu, makala, vumbi la mbao. Alisikiliza akimenya muhogo. Halafu akauliza, bila kuinua macho: "Na ninyi Goma, mmemkalia nani?"

Sikumjibu. Nilimtazama kisu chake kikizunguka muhogo, ganda likitoka refu bila kukatika, likaanguka kwenye kapu.

Alhamisi, 7 Aprili. Nguba

Mvua tangu alfajiri. Barabara ya Kalehe haipitiki, dereva amesema kesho.

Jirani ya shangazi ana mtungi wa biogesi uliojengwa na mradi miaka kadhaa iliyopita. Nilikwenda kuuona kwa furaha. Kuba la matofali limepasuka juu, mwiba umeota. Bomba la gesi linatoka pale hadi jikoni, na juu yake zimeanikwa soksi za wanafunzi. Ulihitaji samadi ya ng'ombe ndoo mbili kila siku na maji kiasi kilekile. Ng'ombe walikuwa wawili, wameuzwa kulipa ada. Maji yanapandishwa kwa madumu kutoka bondeni. Baridi nayo inawalegeza vijidudu, gesi ya kupika maharage haikutosha hata siku njema. Nilimuuliza baba mwenye nyumba nani alichagua kumjengea. Alicheka. "Walihesabu ng'ombe siku ya harusi." Ng'ombe wa mahari walikuwa wamefungwa pale siku mbili.

Jioni nimeandika mahesabu yetu upya. Sijapenda ninachokiona.

Ijumaa, 8 Aprili. Kuelekea Katana na mbele

Tope hadi magoti, lakini tumepita. Miti, Kavumu, kando kuna mashamba ya utafiti ya Mulungu na kwa mbali zile nyumba za kituo cha utafiti cha Lwiro. Mlima Kahuzi uko ndani ya mawingu. Njiani magunia ya makala yamesimama mawili mawili kama watu wanaosubiri gari, na kila mtu anajua yametoka mlima gani. Redio ya dereva inatangaza kwamba leo Nairobi rais ametia saini, Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Dereva anauliza kama makoti ya Kenya yatashuka bei.

Kituo cha kahawa kiko juu kidogo ya ziwa. Ni msimu, wanawake wanateremka na ndoo za kahawa nyekundu. Ukimenya, karibu sehemu mbili kwa tano ya uzito wa tunda inabaki kuwa ganda laini, na zamani yote hayo yalikwenda na maji ziwani. Maji ya kuoshea kahawa ni makali, yana sukari na asidi, yanamaliza hewa ya samaki pale yanapoingia. Sasa wamechimba mashimo matatu ya kuyatuliza, na maganda wanayarundika na samadi, majivu na majani ya migomba, wanayageuza kila baada ya wiki chache. Msimu ukianza wakulima wanarudishiwa mbolea kulingana na kilo walizoleta. Mwenye kilo nyingi anapata nyingi. Mjane mmoja mwenye miti 40 alinung'unika kwamba anayehitaji mbolea zaidi ndiye anayepata kiganja. Msimamizi alisema wataliangalia kwenye mkutano. Mjane akatema mate kando, kwa adabu.

Nilichokuwa nikikitafuta bila kujua kilikuwa nyuma ya stoo. Chumba cha udongo, giza, mifuko inaning'inia kama popo, na kwenye kila tundu la mfuko uyoga mweupe umetoka kama sikio. Ganda la kahawa likichanganywa na majani makavu ya maharage, likachemshwa kuua vimelea, likatiwa mbegu ya uyoga, basi. Baridi ya huku haiumizi uyoga huo, unaipenda. Mama anayeutunza alinivunjia mmoja niunuse: harufu ya mvua na unga. Mfuko ukichoka unakwenda kwenye lundo la mbolea, na mbolea inakwenda kwenye kahawa.

Nimesimama pale nikiwaza vijana wa Bagira wanavyopigana na baridi, na huku baridi hiyohiyo inafanya kazi bure. Siwalaumu, nzi wanameza taka za soko ambazo uyoga haumezi. Ila mtu akiniuliza tuanze na nini, siku hizi nitamuuliza kwanza kwake kuna baridi gani, kuna maji umbali gani, na nani anaamka mapema kuokota.

Hili la uyoga pia limeniumiza kidogo. Ganda limelisha mtu kwanza. Kisha limekuwa udongo. Hakuna aliyeliwasha moto. Sisi vumbi letu tunalitia moto siku ya kwanza, na likishakuwa majivu limekwisha. Yule mfugaji wa kuku alikuwa analilaza chini ya kuku miezi miwili, likinywa samadi, halafu linauzwa kwa wenye bustani. Na Goma ni mawe. Ukitaka kuchimba shimo unatafuta wavunja mawe kabla ya jembe. Kwenye mji wa mawe tumekuwa tukichoma kitu ambacho kingekuwa udongo, na tukajisifu mbele ya wageni kwamba tunaokoa msitu. Tunauokoa, ni kweli, makala yetu yanapunguza gunia la Virunga katika nyumba zaidi ya moja. Ila hatukuuliza foleni inaanzia wapi.

Jumamosi, 9 Aprili. Ziwani tena

Nimerudi Bukavu na kuchukua meli ya polepole, ya bei nafuu, kwa sababu nina mizigo: mifuko minne ya mbegu ya uyoga ndani ya boksi lenye matundu, pipa moja la plastiki lenye mfuniko mzuri, na kapu la yule mama wa Kadutu. Alikuja hadi bandarini asubuhi. "Dume mmoja, majike wawili, usiwachanganye na sungura," alisema. Nilitaka kulipa. Akasema nitalipa mzao wa kwanza kwa mwanamke mwingine, siyo kwake.

Nimehesabu upya mara tatu kwenye sitaha, upepo ukigeuza kurasa. Vumbi la miti laini, lile jepesi linalonyonya, liende kwa kuku kwanza. Sisi tubaki na vipande na vumbi la miti migumu ambalo yeye mwenyewe hulikataa kwa sababu linawachoma kuku miguu, tuongeze maganda ya karanga na vigunzi. Uzalishaji wa makala utashuka, labda robo. Wenzangu kumi watanila nyama. Matandiko ya kuku yakishachoka tuyanunue sisi, tuyaoze ndani ya mapipa juu ya mawe, tusichimbe chochote. Sijui kama mfugaji atakubali. Sijui hata kama atapokea simu yangu.

Karibu na kisiwa cha Idjwi mtandao ukarudi. Nikampigia.

"Nani?"

"Ni mama wa makala."

Kimya. Nyuma yake kuku wanalia.

"Nimetoka Bukavu," nikasema. "Nataka tuongee habari ya vumbi. Kesho baada ya misa, kama una nafasi. Safari hii mimi ndiye nitakuja kwako."

"Utasimama mlangoni?"

"Ukinipa kiti nitakaa."

Akacheka kidogo, au akakohoa, upepo ulikuwa mwingi. Akasema nije na daftari.

Goma tumefika jua linashuka, Nyiragongo ana wekundu wake juu ya wingu. Motari aliyebeba mizigo yangu akafunga pipa nyuma, akaweka boksi katikati, halafu akasikia mluzi kutoka kwenye kapu na kuruka hatua moja.

"Mama, ni nini humo?"

"Endesha pole pole," nikamwambia. "Mmoja ana mimba."